Tulipita Mlango Wake: Juu ya Mwito wa Mungu katika Maisha ya Kila Siku



Tarehe 6 ya mwezi wa nne inajulikana sasa na Wakongomani wote. Tangu mwaka wa 2023 ni siku ya mapumziko katika inchi nzima kwa ajili ya ukumbusho wa Papa Simon Kimbangu. Ofisi zinafungwa, watoto hawaendi masomoni, na sisi tunatembea barabarani katika mavazi yetu ya kijani na nyeupe, fanfare ikiwa mbele. Wazee waliopigwa na kufukuzwa katika vijiji vyao kwa sababu ya jina hili, kama wangefufuka leo wangelia kwa furaha. Tunamshukuru Mungu kwa jambo hilo.

Lakini tujiulize: siku ile yenyewe, ya mwaka wa 1921, kulitokea nini? Hakukuwa na tarumbeta hata moja, wala watu waliopanga mistari. Wazee wetu wanatusimulia kwamba Papa Simon Kimbangu alikuwa katika njia ya kwenda sokoni. Alipofika Ngombe-Kinsuka, Roho alimsukuma aingie katika nyumba ya mama mmoja mgonjwa, jina lake Nkiantondo. Yeye mwenyewe hakupanga kuingia. Aliingia, akamwekea mikono, akaomba kwa jina la Yesu, na mama yule akapona. Hayo ndiyo tunayoyashangilia kila mwaka: mtu mmoja aliacha njia yake ya soko, akaingia katika nyumba ya mgonjwa.

Katika ukurasa huu tunataka kusema juu ya mwito wa Mungu. Waamini wengi wanatuuliza: «Shemasi, nitajua namna gani kwamba ni Mungu anayeniita, wala si mawazo yangu?» Na wengine wanasema: «Mungu hajaniita bado, akiniita nitamtumikia.» Kabla ya kujibu, inatubidi tuungame jambo letu wenyewe, kwa maana mwalimu anayeficha deni lake hawezi kuwafundisha wengine kulipa.

1. Jambo lililotupata

Mwaka jana, siku chache mbele ya sikukuu hiyo ya tarehe 6, tulikuwa tunaenda kwenye mkutano wa parokia. Mkononi tulibeba bahasha ya nsinsani, mvua ilikuwa inatisha kunyesha, na tulikuwa tumekwisha kuchelewa. Kando ya njia yetu kuna nyumba ya mama mjane aliyekuwa anauza makala kwa mafungu madogo. Alikuwa mwamini wa parokia yetu. Mjukuu wake, mtoto mwanamke wa miaka kama kenda, alitoka mbio akatushika mkono: «Papa shemasi, nkambo anaumwa. Anaomba upite kidogo.»

Tulimjibu kwa upole: «Mwambie tutapita tukitoka kwenye mkutano.» Na tulikuwa tunasema kweli, tulitaka kupita. Lakini mkutano ulichukua saa nyingi. Tulijadiliana juu ya kundi litakalotangulia katika maandamano, na juu ya vitambaa vya kijani, kama vitatosha au hapana. Mara tatu tulitoka nje kuwapigia simu wapiga muziki. Mvua ikanyesha, njia ikajaa matope, tukarudi nyumbani kwa njia nyingine. Kesho yake kulikuwa na kazi. Siku iliyofuata tukasikia kilio.

Tulipofika kwenye kilio, yule mtoto alitueleza kile nkambo wake alikuwa anataka. Simu yake aliiuza ili anunue dawa. Alitaka kutumia simu yetu ili azungumze na mwana wake wa kwanza anayeishi Kolwezi. Walikuwa wamekaa miaka miwili bila kusemezana, kwa sababu ya magomvi ya kiwanja. Mama alitaka amwambie kwamba maneno hayo yamekwisha.

Simu ilikuwa katika mfuko wetu, na yuniti zilikuwa ndani yake. Tulizimaliza kwa kuwapigia wapiga muziki.

Mwana alikuja kwa maziko. Usiku ule alitukaribia akauliza: «Papa shemasi, mama aliondoka na kasirani juu yangu?» Tulimweleza maneno ya mtoto. Akauliza tena: «Wewe mwenyewe ulisikia kwa kinywa chake?» Tulijibu: «Hapana. Tuliitwa, na hatukuingia.» Hakusema neno. Alimshika yule mtoto mkono akaenda kuketi mbali.

Wengine wametufariji wakisema kwamba ugonjwa ungemchukua tu mama yule. Ni kweli, uhai uko katika mikono ya Mungu. Lakini sisi hatukuombwa kumponya. Tuliombwa simu ya dakika tano. Tulikuwa tunakimbia kutayarisha sikukuu ya mtu aliyeingia katika nyumba ya mgonjwa, na sisi tukaupita mlango wa mgonjwa. Tunaandika hayo bila kupenda, ili mwenzetu asipatwe na jambo kama hilo.

2. Mwito unamkuta mtu wapi?

Wengi wetu tunafikiri kwamba mwito ni jambo la madhabahu. Tunasema «ameitwa» juu ya mchungaji, mwinjilisti, shemasi, ama mtu anayepokea nyimbo katika maono. Yule anayeuza unga sokoni, ama anayepanda kinga kuleta makala kutoka porini, tunaona kwamba hana mwito, ana kazi tu.

Tufungue Maandiko. Musa alikuwa anachunga kondoo za mkwewe (Kutoka 3). Gideoni alikuwa anapura ngano kwa kujificha (Waamuzi 6). Amosi alikuwa mchungaji wa wanyama. Petro na Andrea walikuwa wanatupa wavu, na Matayo alikuwa ameketi kwenye meza ya kodi. Mtoto Samweli alikuwa amelala katika nyumba ya Bwana alipokuwa anatumika, na taa ilikuwa haijazimika. Mungu anazoea kumkuta mtu kazini kwake, mikono ikiwa michafu. Na Papa Simon Kimbangu naye alikuwa katika njia ya soko.

Basi mtu asiseme: «Nikipata nafasi, nikimaliza shida zangu, ndipo Mungu ataniita.» Pengine ameita asubuhi hii, kwa sauti ya mtoto aliyetoka mbio. Sisi mashemasi zaidi tusisahau mwanzo wa kazi yetu. Katika Matendo ya Mitume 6, wale watu saba walichaguliwa kwa sababu gani? Kwa sababu wajane walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Kazi hiyo ilianza kwa ajili ya wajane. Bahasha na mikutano vilikuja nyuma.

3. Namna ya kutambua sauti

Sasa tujibu ulizo la kwanza. Kanisa letu linajua maono na ndoto, nasi hatuyadharau. Lakini si kila ndoto inatoka kwa Mungu. Tumbo linaota, woga unaota, na tamaa ya ukubwa inaota zaidi kuliko vyote. Tunaona alama nne za kutusaidia.

Alama ya kwanza: sauti ya Mungu haipingani na amri zake. Kanisa letu lina maneno matatu ambayo kila mtoto anayajua: Bolingo, Mibeko, Misala, ndiyo kusema Upendo, Amri, Kazi. Sauti inayokuambia uende kufanya kazi kubwa ya Mungu kwa njia ya uongo, ama ya kumwibia mwenye kukuandika kazi, ama ya kumwacha mke wako, imekwisha kujitaja yenyewe kwamba si yake.

Tulikuwa na ndugu mmoja kijana, baba wa watoto wane, anayefanya kazi ya kuchimba mawe ya shaba. Alikuja mbele ya wazee akasema kwamba Mungu amemwambia aache kazi, apande mlimani kwa siku 40, halafu azunguke katika vijiji kuhubiri. Alisema kwa machozi, na hatukuona uongo katika macho yake. Wazee wengine walikuwa tayari kumbariki. Mama shemasi mmoja, mzee sana, akamwuliza: «Mwanangu, hiyo sauti ilitaja jina la mke wako?» Kijana akasema: «Hapana, mama.» «Ilisema nani atalipa masomo ya watoto?» «Hapana.» «Basi rudi uisikilize tena. Mungu aliyekupa hao watu watano hawezi kuwasahau wakati anapozungumza nawe.»

Kijana alikasirika. Juma tatu hakuja kusali. Kisha alirudi. Leo anafanya kazi yake, na siku ya posho mangaribi anaenda kuomba pamoja na wachimbaji wenzake, watu ambao hakuna mchungaji anayefika kwao. Hatusemi kwamba kila anayeacha kazi anadanganyika. Abrahamu aliondoka, na mitume waliacha nyavu. Tunasema tu kwamba kuacha vitu si alama ya mwito. Mtu anaweza kuacha kila kitu akimfuata Mungu, na mwingine anaweza kuacha kila kitu akikimbia madeni.

Alama ya pili: sauti ya Mungu inakuonyesha mwenzako. Sauti ya tamaa inakuonyesha wewe mwenyewe: inakuonyesha kiti, kanzu, jina, watu wanaosimama unapoingia. Unaposikia mwito, uliza: nikitii, ni nani atakayesaidiwa? Kama jibu ni «mimi nitajulikana», ngoja kwanza. Kama jibu ni mtu mwenye njaa, mgonjwa, mfungwa ama mgeni, unajua tayari Bwana alisema nini juu ya hao katika Matayo 25.

Alama ya tatu: sauti ya Mungu haichoki. Kadiri ya ushuhuda wa kanisa letu, Papa Simon Kimbangu aliitwa tangu mwaka wa 1918, wakati homa kubwa ilipokuwa inaua watu duniani pote. Alikuwa amebatizwa mwaka wa 1915, pamoja na Mama Mwilu, katika misheni ya Wabatisti ya Ngombe-Lutete. Alikataa mwito. Alisema hakusoma vya kutosha, wako wachungaji wanaojua kumpita. Alikwenda Kinshasa kutafuta kazi, kama Yona alivyoshuka Yafa kutafuta mashua ya Tarshishi. Sauti ikamfuata mpaka huko. Akarudi Nkamba. Miaka mitatu ilipita kati ya mwito wa kwanza na mlango wa Nkiantondo. Wazo la haraka linalowaka usiku mmoja na kuzimika kesho, tusilikimbilie. Lakini jambo lile linalorudi tena na tena, hata ukilikimbia, hata ukilifunika kwa kazi nyingine za kanisa, lichunguze vizuri.

Hapa tunasema neno kwa wale walio kama sisi. Nasi hatukusoma shule kubwa. Tulimaliza sekondari tu, na mara nyingi tumejificha nyuma ya hilo. Lakini mama wa makala hakutuomba diploma.

Alama ya ine: sauti ya Mungu inakubali kuchunguzwa na wengine. Samweli aliitwa, na mara tatu alimkimbilia Eli akifikiri ni yeye. Hakujua sauti ya Bwana. Ilimbidi mzee amfundishe namna ya kujibu (1 Samweli 3). Tuangalie vizuri: Eli alikuwa mzee dhaifu, macho yake yameharibika, watoto wake wamepotoka, lakini Mungu alimtumia kumfundisha kijana. Na neno la kwanza ambalo Samweli alipewa lilikuwa zito, tena lilikuwa juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Hata hivyo mzee aliomba asifichwe hata neno moja. Tunahitaji vijana wanaokubali kuulizwa, na wazee wanaokubali kuambiwa. Mtu anayesema «Mungu amesema nami, hakuna wa kuniuliza» anajiweka juu ya nabii Samweli.

4. Milango ni mingi, tufanye nini?

Sasa tunajua kwamba msomaji mwenye akili atatuuliza: «Papa shemasi, mji huu una milango mingapi? Kila nyumba ina mgonjwa, kila barabara ina mjane. Mimi nina watoto saba, na pesa ya mwezi haifiki nusu ya mwezi. Nikiingia kila mlango, watoto wangu watakula nini? Ama Mungu ananiita ili aniue?»

Ulizo hilo ni la haki, na tusilijibu kwa wepesi. Mtu anayejibu «ingia tu, Mungu atatoa» pengine hajalala na njaa. Sisi wenyewe tumelifikiri usiku mwingi tangu kilio kile.

Tunaona hivi. Bwana Yesu mwenyewe hakuponya wagonjwa wote wa Israeli. Papa Simon Kimbangu hakuingia nyumba zote za Ngombe-Kinsuka asubuhi ile, aliingia moja. Hatuitwi kubeba dunia, kwa maana dunia ina Mwenyewe anayeibeba. Tunaitwa katika jambo ambalo limewekwa mbele yetu, kwa jina letu, na ambalo linaomba kitu tulicho nacho.

Tupime tena kwa jambo letu. Mtoto alitushika mkono sisi. Hakuwaita watu wote wa barabara. Alituita kwa jina la kazi yetu, «Papa shemasi». Na kile kilichoombwa kilikuwa katika mfuko wetu. Maneno hayo matatu yakikutana, usiseme tena «milango ni mingi». Mlango ni ule mmoja.

Na nyumba yako wewe mwenyewe nayo ina mlango. Mama anayeamka saa kumi ya usiku kutafuta unga, apike bukari na sombe ili watoto waende masomoni na nguvu, asihukumiwe kwamba hakuja kwenye zamu ya kufagia kanisa. Amejibu mwito mbele ya jua kutoka. Mama wa soko ambaye anajaza meka yake mpaka juu, bila kukunja chini ya sahani ili unga upungue, anamhubiri Kristo kwa kila mtu anayenunua. Mwalimu asiyeuliza pesa ya siri ili mtoto apite kalasi, naye anahubiri. Watu hao hawaandikwi katika programu ya sikukuu. Lakini misala ni hiyo.

Tujihazari hata hivyo na hila ya pili. Kuna mtu anayesema «mwito wangu ni nyumba yangu tu», na kwa maneno hayo anafunga macho kwa jirani siku zote. Kuhani na Mlawi katika Luka 10 hatukuambiwa walikuwa na sababu gani ya kupita upande mwingine. Pengine nao walikuwa na mkutano. Sababu yetu inaweza kuwa nzuri kabisa, na mtu akabaki amelala katika njia. Kwa hiyo tuzoee kusimama kidogo mbele ya kusema «nyuma». Neno «tutapita tukirudi» limeua mema mengi kuliko neno «hatutaki».

5. Kujibu ni siku nyingi

Kutambua mwito ni mwanzo tu. Tuangalie sasa namna ya kuujibu, na hapa sisi watu wa Lubumbashi tuna jambo la kukumbuka kuliko wengine.

Papa Simon Kimbangu alihubiri na kuponya mbele ya watu wengi kwa muda gani? Alianza tarehe 6 ya mwezi wa nne. Mwezi wa sita serikali ya wakoloni ilitaka kumkamata, akaponyoka, akaendelea na kazi kwa kujificha. Tarehe 12 ya mwezi wa kenda alijitoa mwenyewe Nkamba, bila kuruhusu watu wake wapigane. Miezi mitano na siku chache. Tarehe 3 ya mwezi wa kumi baraza la hukumu la kiaskari kule Thysville, leo Mbanza-Ngungu, lilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa hapa, katika mji uliokuwa unaitwa Elisabethville, akafungwa mpaka kufa kwake, tarehe 12 ya mwezi wa kumi wa mwaka wa 1951.

Miezi mitano ya kusikiwa na makundi ya watu. Miaka 30 ya kuta. Je, mwito wake ulikwisha alipoingia gerezani? Kama mwito ni sauti kubwa na watu wengi, basi ulikwisha. Lakini wazee wetu wanasimulia kwamba ndani ya gereza alikuwa mpole kwa wote, mwenye kuomba, na kwamba alitumika jikoni, akipika chakula cha wafungwa. Kama alitii kwa uaminifu katika miezi mitano, alitii pia mbele ya sufuria, siku kwa siku, bila mtu wa kupiga tarumbeta. Sisi wa mji huu tuna deni: ardhi yetu ilimfunga. Tunalilipa tukijifunza utii ule wa miaka 30, si wa miezi mitano peke yake.

Na Mama Mwilu je? Bwana wake alipochukuliwa, alibaki Nkamba na mzigo mkubwa. Watoto wake walikuwa wadogo: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Askari walipeleleza, waamini walihamishwa mbali na vijiji vyao, kusali kulikuwa kwa siri. Alilea, alilima, alipokea watu usiku, aliwatia moyo, alihifadhi moto usizimike. Alikufa mwezi wa ine wa mwaka wa 1959, na kanisa likapata ruhusa kamili ya serikali tarehe 24 ya mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule. Alifanya kazi karibu miaka 38 kwa ajili ya siku ambayo hakuiona. Nani kati yetu anakubali mwito wa namna hiyo?

Tunasema hayo kwa sababu wengi wetu tunaanza kwa moto na kuchoka upesi. Tunakubali kazi siku ya kubarikiwa, halafu nyuma ya miezi mitatu tunatafuta kundi lingine lenye heshima zaidi. Wakati unapochoka, usiulize kwanza «je, Mungu ameniacha?» Uliza: «je, yule niliyetumwa kwake bado yupo?» Kama mgonjwa bado ni mgonjwa, na mtoto bado hajui kusoma, basi mwito wako bado uko palepale ulipouacha.

6. Neno la mwisho

Na yule aliyekwisha kupita mlango, kama sisi, atafanya nini? Mama wa makala hatarudi. Simu ile haitapigwa tena. Hatutaki kudanganya watu kwamba kuungama kunarudisha yaliyopita. Tumeomba msamaha kwa Mungu, na kwa mwana wake tumeomba pia. Yeye alituambia: «Nimesikia, papa.» Hakusema zaidi, na hatukumsukuma aseme.

Lakini Yona aliitwa mara ya pili, na Petro, nyuma ya kukana mara tatu, aliulizwa kama anapenda, akapewa kondoo za kulisha. Mungu hakumpa Petro mwito mdogo zaidi kwa sababu alianguka. Alimrudishia uleule. Sisi nasi tumebaki na mtoto yule aliyetushika mkono. Anaishi sasa kwa shangazi yake, si mbali na parokia, naye anaanza kalasi ya ine. Hatusemi zaidi juu ya hilo. Ni deni, haliombi sifa.

Basi, ndugu na dada, tarehe 6 ya mwezi wa nne inakaribia. Tushone mavazi, tujifunze nyimbo, fanfare iendelee na mazoezi yake. Hayo yote ni mazuri na ni ya heshima kwa Mungu. Tunaomba jambo moja tu kwa kila kundi na kwa kila mwamini: mbele ya kuingia katika mstari wa maandamano, uingie kwanza katika nyumba moja. Wewe unajua ni nyumba gani. Jina lake limekuja katika mawazo yako wakati ulipokuwa unasoma karatasi hii, na umejaribu kulifukuza. Pengine ni mgonjwa, pengine ni mtu mliyegombana, pengine ni baba yako mwenyewe. Uvue viatu vyako, uketi, uulize anahitaji nini. Usihubiri kwanza. Usikilize.

Na mtoto akikushika mkono katika njia, simama.

Mungu atupe masikio ya Samweli, aturehemu sisi tuliopita, na atupe nguvu ya kutumika mpaka mwisho, kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Amina.